Kibweta cha Kahawa

Mlangoni pa kituo chetu pana vitundu vinne vya skrubu
palipokuwa na bamba la shaba, na jina la mfadhili.
Aliuza rangi ya nyumba yenye sumu, akijua.
Bamba liling'olewa usiku, bila hotuba.
Fedha zake zilibaki. Ndizo zinazopasha moto mabomba haya
wakati ziwa la Duluth limeganda mpaka upeo wa macho.

Mimi ni mpanga viti.
Miaka kumi na minne nawapangia viti
watakaoongoza makampuni kwa uadilifu.
Ndivyo kinavyosema kipeperushi, nami ndiye niliyekiandika.
Nachapa majina ya kubandika kifuani, nachemsha kahawa,
naweka kibweta cha bati kando ya birika:
*Dola moja kikombe. Hakuna anayekuchunga.*
Profesa Halvorsen ndiye aliyetaka iwe hivyo.
Kila Ijumaa nahesabu, naandika,
naye anazitia tarakimu zangu kwenye utafiti wake.

Leo alikuja Toivo Kangas,
sweta limetiwa kiraka kiwikoni, hana slaidi hata moja.
Zamani mhasibu wa maghala ya ngano, pale bandarini.
Kifungoni miezi thelathini na minane.

"Mara ya kwanza sikuiba," alisema. "Niliongeza.
Pengo lilikuwa dola mia mbili na kitu.
Bosi alikuwa amefiwa, sikutaka kumsumbua.
Nikatoa mfukoni mwangu, nikaziba.
Hesabu ikakaa sawa.
Mwezi uliofuata pengo likarudi na ndugu zake.
Mfuko wangu ulipokauka
nikatafuta mfuko mwingine. Ulikuwepo wa uzeeni,
wa wapakiaji."

Tou Ger Vang, mstari wa nyuma, hakuinua hata mkono:
"Na wao? Wapakiaji?"

Toivo alitazama dirisha kwa muda mrefu.
"Wawili walikufa kabla ya hukumu.
Mmoja hukutana nami dukani.
Husukuma toroli lake polepole, ili nimwone vizuri."

Halafu wakapewa karatasi: *Wewe ungetia saini?*
Nilizikusanya mimi. Thelathini na moja.
Miandiko thelathini na moja, jibu moja:
Nisingetia.

Walipoondoka nikahesabu vikombe. Thelathini na vinne.
Nikamimina kibweta mezani. Dola ishirini na mbili.

Nawajua, hawa. Dagny hajapata mkopo wake tangu Novemba.
Tou Ger anapakua malori usiku, anafika darasani na glavu.
Na profesa ana wageni Jumatatu, watu wa kutoa fedha.
Funika kombe, nilijiambia.
Nikafungua pochi, nikaweka kumi, na moja, na moja.
Hesabu ikakaa sawa.

Nilikuwa nimeshashika kalamu
niliposikia nilichokisema.

Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa.
Lakini ipo inayopotea ndani ya daftari,
kwa wino mzuri, kwa mwandiko wa mtu mwenye huruma.

Nikazitoa. Noti hazina kumbukumbu;
ile kumi niliijua, zile moja moja
sikujua tena ipi yangu, ipi ya nani.
Nikaandika: vikombe thelathini na vinne. Dola ishirini na mbili.
Tarakimu zilionekana uchi, kama mtu aliyetoka kuoga.

Ndipo nikauona mkono wangu wa kushoto:
ulikuwa umeshika kikombe.
Cha pili hicho, leo.
Na jana viwili. Na juzi.

Sikuwahi, hata siku moja.
Nilidhani anayepika hahesabiwi.

Nikarudisha dola mbili, nikaongeza mstari chini:
*Na mbili za mpika kahawa, zimechelewa miaka kumi na minne.*
Profesa atauliza aiweke safu gani.
Sijui.
Nikaosha birika, nikazima taa ya ukumbi,
na pale mlangoni, nikitafuta funguo,
kidole changu kikaingia chenyewe katika kitundu cha skrubu.